Nyigu wa Mgeni Rasmi

Kila jioni mume wa Mama Nyigu alivua nguo nje ya nyumba yake mwenyewe. Alisimama kwenye bomba la maji lililotumiwa na safu nzima ya nyumba za wafanyakazi, akabaki na kaptula tu, akajisugua kwa sabuni ya kipande kuanzia kwenye nywele hadi nyayo, huku wake za watu wakipita na ndoo zao na kujitia hawaoni. Watoto wa jirani hata kujitia hawakujitia. Walisimama, wakatazama, wakacheka. Ovaroli lake la kazi alilitundika kwenye msumari nyuma ya choo, mbali na kila kitu cha binadamu, na hata huko lilinuka: harufu tamu ya dawa ya kuulia wadudu, utamu wa kutapisha, kama tunda lililooza ndani ya mafuta ya taa. Akimaliza, mkewe alimnusa. Naam, alimnusa shingoni na kwenye viganja, kama mtu anayenunua samaki, ndipo akamruhusu kuvuka kizingiti.

Asiyejua angesema mwanamke yule ana jeuri. Lakini mume alikuwa mpulizaji, mtu wa kubeba pampu mgongoni kutwa nzima katika shamba la miti la kampuni, akiipulizia dawa mikaratusi michanga. Mke naye alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha kampuni hiyohiyo, katika chumba cha wadudu, ambako alilea nyigu. Si nyigu hawa wa kumuuma mtu akavimba mdomo. Wa kwake walikuwa wadogo kuliko chembe ya chumvi. Ukipiga chafya umefukuza ukoo mzima. Walitaga mayai yao ndani ya mayai ya kunguni wa mikaratusi, mdudu wa kuja, aliyeingia hakuna ajuaye ndani ya sanduku gani, akafyonza majani hadi shamba lote likawa na rangi ya bati lenye kutu. Yai la kunguni lililoingiwa na nyigu lilitoa nyigu, na kunguni akawa amekufa kabla ya kuzaliwa.

Ilikuwa kazi nzuri, ila ilikuwa na ubaya wake: ili upate nyigu, lazima kwanza ufuge kunguni. Mama Nyigu aliwafuga kwa maelfu, juu ya matawi yaliyochomekwa kwenye chupa za maji, akiwabadilishia majani kila asubuhi, nao wakimtambaa mikononi na kumwingia shingoni. Kinyaa alikuwa amekimeza zamani. Karatasi walizotagia kunguni hao alizikata vipande vyembamba, akavitia katika mirija ya kioo pamoja na nyigu na tone la asali, kisha akangoja. Wafanyakazi wenzake walimcheka kwamba yeye ndiye mtu pekee anayelipwa mshahara kwa kufuga kunguni, wakati wengine wanao bure vitandani.

Dawa iliyomuua kunguni kwa siku ilimuua nyigu kwa pumzi moja. Mkono uliomshika mpulizaji ukishika mrija, mrija ule umekwisha. Ndiyo maana majuma ambayo nyigu walikuwa wakitoka kwenye mayai, mume alilala kwenye mkeka sebuleni, na asubuhi mkewe aliaga akiwa mlangoni, mikono nyuma. Mume hakulalamika. Alikuwa mtu wa utani, akisema kwamba wanaume wengine huibiwa wake na matajiri, yeye ameibiwa na wadudu. Lakini usiku alikohoa, kikohozi kikavu kisicho na mwisho, na siku moja alimwambia mkewe, bila utani, kitu anachokitaka.

"Nataka kazi ambayo jioni naingia kwangu na nguo zangu mwilini," alisema. "Basi. Sitaki kingine."

Na kazi hiyo ilikuwepo. Mkuu wa kituo alikuwa amesema wazi kwamba siku nyigu watakapoachiwa shambani, kupuliza dawa kutakoma, maana huwezi kumkaribisha mgeni huku unamtilia sumu kwenye chakula. Wapulizaji watapunguzwa. Wachache watapelekwa kwenye kitalu cha miche, kumwagilia na kupandikiza, kazi ya kivulini, mikono kwenye udongo. Mama Nyigu aliyalea yale mayai kama mtu anayemlea mumewe.

*

Mama mkwe alikuja kutibiwa miguu. Miguu ilimvimba, ikang'aa kama mbilingani, na hospitali ya huko alikotoka ilikuwa imempa vidonge vya kila rangi isipokuwa vinavyotibu. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, mambo yangekuwa rahisi. Alikuwa mama aliyemzaa mtoto mmoja wa kiume na kumlea kwa kufua nguo za watu, na sasa alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni akimtazama mtoto huyo akivuliwa utu wake kwenye bomba la maji mbele ya majirani, kisha akinuswa, kisha akitandikiwa mkeka.

Alielezwa mambo ya nyigu. Aliitikia kwa kichwa, kama watu wazima wanavyoitikia upuuzi. Hakusema neno kwa mkwewe. Alimwambia jirani, kwa sauti ya kutosha kuvuka ukuta, kwamba yeye alizaa mwanamume, hakuzaa ndoo ya takataka.

Jumamosi moja, Mama Nyigu alipokuwa amekwenda sokoni na watoto, bibi yule alijivuta hadi nyuma ya choo, akaliangua ovaroli kwenye msumari. Akaingia chumbani, akatoa koti jeupe la kazi la mkwewe. Akapiga magoti kwenye saruji, na miguu yake ile, akayafua yote mawili katika beseni moja. Aliyasugua kwa nguvu za mtu anayejua anachokifanya, maana kufua ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote duniani. Jirani alimuuliza kama hayo mavazi huchanganywa.

"Mume na mke hawafuliwi mbalimbali," alijibu.

Mama Nyigu aliporudi alikuta koti lake limekwisha kuanikwa, kukauka, kupigwa pasi na kukunjwa, limewekwa juu ya mto. Ovaroli lilikuwa limesharudi msumarini nyuma ya choo, wala hakwenda kulitazama. Nani huenda kutazama ovaroli? Aliguswa. Alikaa kitandani na koti mapajani, akafikiri kwamba labda mzee ameanza kumkubali. Akaenda kumshukuru, na mama mkwe akamwambia, "Usijali, mwanangu," na wote wawili wakalala na furaha usiku ule. Hiyo ndiyo sehemu inayochefua kuliko zote, kwamba hakukuwa na uovu wowote ndani yake.

*

Jumatatu alivaa koti. Alizunguka nalo chumbani kutwa, akapangusa mirija kwa pindo lake kama alivyozoea, akajifuta jasho kwa mkono wake, akahamisha vipande vya mayai kutoka mrija hadi mrija. Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya siku ya kuachia, na nyigu walikuwa wakitoka kwa wingi kuliko wakati wowote. Alipotoka kwenda kunywa chai, walikuwa wakipanda na kushuka kwenye kioo. Aliporudi, walikuwa wamelala chini ya mirija, kama ungaunga wa pilipili manga.

Alidhani ni joto. Akafungua madirisha, akaloweka vitambaa, akavitundika. Waliotoka mchana walikufa mchana. Kesho yake walikufa waliotoka asubuhi, na kunguni nao wakaanza kuanguka kutoka kwenye matawi, migongo chini, miguu juu, wakirundikana sakafuni hadi kiatu kikawa kinalia kikiwakanyaga. Alipoinama kufagia, mkono wa koti ukamgusa pua. Chini ya harufu ya pasi na sabuni kulikuwa na ule utamu.

Aliliweka fagio chini. Kisha akalivua koti, akalifunga kwenye mfuko wa plastiki, akalifunga tena kwenye mfuko mwingine. Alipotoka kazini alipitia nyuma ya choo kabla ya kuingia ndani. Hata baada ya siku mbili za kazi ilionekana wazi kwamba ovaroli limefuliwa, kola imenyooka. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe liliweza kuitwa nguo.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alimwona akilitazama, akatabasamu. Alisema alilisugua hadi vidole vikamchubuka, akanyoosha mikono yake kuonyesha. Ilikuwa imechubuka kweli. Mama Nyigu aliitazama ile mikono. Maneno yalimjia hadi kwenye meno, yakanuka, akayameza. Utamwambiaje mama wa mumeo kwamba ameua? Na umwambie nini mume, kwamba kile alichokuwa akinawa kila jioni mbele ya watu, mama yake amekibeba kwa upendo hadi kitandani?

"Umechoka, mwanangu," alisema mama mkwe. "Kaa ule."

Akakaa, akala, na kila tonge lilikuwa na utamu wa kutapisha.

*

Mkuu wa kituo aliupokea mfuko, akaufungua, akalinusa koti kama mtu anayenusa mchuzi wa jirani, akacheka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akacheka tena peke yake.

Alikuwa mtu mnene wa mikono laini, mwenye tabia ya kuchokoa meno kwa pini za kutundikia wadudu. Alichokoa, akatazama alichokipata, akakipangusa kwenye ukingo wa meza, ambao tayari ulikuwa na historia ndefu. Mama Nyigu alieleza kila kitu, ila hakusema nani aliyefua. Alisema ni uzembe wake. Akaomba siku ya kuachia, pamoja na sherehe yake, isogezwe mbele. Kabatini kulikuwa na vipande vichache vya mayai ambavyo hakuwa amevigusa, vilivyoingiwa na nyigu. Kwa miezi miwili, mitatu, angeweza kuanza upya kutokana na hivyo. Nyigu hawaombi kitu ila mayai na muda.

"Mahema yameshakodiwa," alisema mkuu wa kituo. "Mgeni rasmi si kuku kwamba utamwambia alale leo aje kesho. Na wafadhili je?"

"Lakini hatuna nyigu, Bwana Mkuu."

"Mgeni rasmi ana macho ya darubini?"

"Hana."

"Waandishi wa habari?"

"Hawana."

"Basi nyigu wapo," alisema, akaichomeka tena pini mdomoni. "Wewe mwenyewe husema mtu hawaoni. Utajaza mirija vipande vya karatasi, utafunika, utafungua. Wataruka. Nani atakayesema hawakuruka?"

Mama Nyigu alitazama ukingo wa meza. Angeweza kuondoka. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakuondoka, na jibu lilikuwa lilelile: nyuma ya kinyaa chake kulikuwa na mtu anakohoa kwenye mkeka. Akasema kwamba kama ni hivyo, mumewe apelekwe kitaluni, siyo labda, siyo tutaona. Na yeye aachwe aendelee na vile vipande vya kabatini, ili wakishazaana awaachie kimyakimya, hata kama hakuna hema wala ngoma. Alitaka uongo ule ugeuke kweli baadaye, kama deni linalolipwa kabla mwenyewe hajajua kwamba ulikopa.

Mkuu wa kituo alimpa mkono. Ulikuwa na unyevu.

"Kitaluni nafasi ipo," alisema. "Una neno langu."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mama Nyigu alikwenda akakata karatasi safi, isiyo na yai hata moja, akaitia kwenye mirija, akaongeza tone la asali katika kila mmoja. Asali haikuhitajika. Aliitia tu, kwa mazoea au kwa aibu.

*

Siku ya sherehe, alfajiri, wapulizaji waliitwa kuokota majani. Mgeni rasmi hapendi kuona majani yaliyokauka, wakaambiwa, kwa hiyo yale mekundu yaliyoanguka chini ya miti yote yaokotwe, na matawi ya chini yaliyoharibika yapunguzwe, ili mahali pa sherehe paonekane pa kijani. Watu wazima walitambaa kwa magoti chini ya mikaratusi inayokufa wakiificha isionekane inakufa. Walipomaliza walipewa fulana mpya zenye picha ya mdudu, mdudu ambaye hakufanana na nyigu wala na kitu kingine chochote, wakaambiwa wasimame nyuma kabisa, upande ambao upepo hautaleta harufu yao kwenye hema.

Mumewe alisimama huko akiwa amenyoa ndevu. Alimpungia mkono kama mvulana.

Hotuba zilikuwa ndefu. Mkuu wa kituo aliwaita nyigu askari wetu wadogo, akasema wamelelewa kwa mikono ya mama zetu, na alipofika kwenye "mama zetu" akamwelekeza Mama Nyigu kwa kiganja, watu wakapiga makofi. Kisha mgeni rasmi aliletewa mrija kwenye sahani yenye kitambaa. Akaufungua. Akauinua juu ya kichwa chake, akautikisa kidogo, akaangalia hewa tupu kwa makini, uso wake ukachangamka.

"Nawaona," alisema. "Wale pale, wanapanda."

Wote wakatazama juu. Mwandishi mmoja wa habari akasema naye kawaona. Mke wa mtu fulani chini ya hema akajipangusa shingo, akisema mmoja ametua hapo. Mama Nyigu alikuwa amejiandaa kwa kila kitu, kwa kukamatwa, kwa kuulizwa, kwa mkono kutetemeka, lakini hakuwa amejiandaa kwa hilo.  Mpiga picha alimwomba afungue mrija mwingine, taratibu, atabasamu, aangalie huku. Akafungua. Akatabasamu. Akaangalia huku.

Mgeni rasmi alishika kipaza sauti, akatangaza kwamba kuanzia siku ile sumu imekwisha katika shamba lile. Makofi yakalipuka, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa nyuma kabisa, amevaa fulana ya mdudu, akiinua mikono juu ya kichwa ili mkewe aione.

*

Wapulizaji wote waliachishwa kazi kabla mahema hayajarudishwa. Walisomewa majina uani, wakarudisha pampu na ovaroli, wakaambiwa asanteni. Jina la mume wa Mama Nyigu lilisomwa pamoja na mengine. Alidhani limesomwa kwa makosa, akabaki amesimama baada ya wenzake kuondoka, hadi mlinzi alipomgusa bega.

Mama Nyigu alipata habari akiwa njiani kwenda chumba cha wadudu. Alipofika alikuta mlango wazi, na ndani, mahali pa chupa na matawi, pamepangwa viti vya sherehe hadi darini. Kabati lilikuwa limetolewa nje. Lilikuwa tupu, limefutwa vizuri kwa kitambaa cha maji. Karatasi zake zilikuwa kwenye pipa la taka, chini ya mabaki ya chakula cha wageni, zimelowa mchuzi. Alizichambua mojamoja. Mayai mengine yalikuwa meusi bado, hayajaanguliwa, na ndani yake, kama yalikuwa hai, nyigu walikuwa wakikua katika mafuta ya nyama. Akaziacha pale, akajifutia mikono kwenye gauni lake.

Mkuu wa kituo hakushangaa kumwona. Nyuma ya kichwa chake kulikuwa na picha mpya ukutani, imekatwa gazetini na kutiwa fremu: mikono miwili inafungua mrija, na juu ya mikono tabasamu.

"Uliniahidi, Bwana Mkuu."

"Nilikuahidi nafasi kitaluni. Ipo. Utaanza Jumatatu."

"Mimi nilisema mume wangu."

"Nafasi ni moja." Alitafuta pini mezani, akaipata. "Wewe una kitu nataka ukitunze. Mumeo ana nini?"

Mama Nyigu alisema kwamba atasema. Alisema kwa sauti ndogo, na hata yeye alisikia jinsi neno lile lilivyotoka halina miguu.

"Sema," alijibu mkuu wa kituo, bila ukali, akigeuka kidogo kwenye kiti ili asiizibe picha. "Wakikuuliza hii ni mikono ya nani, uwaambie ya nani?"

Na Jumatatu alikwenda kitaluni. Tuseme ukweli, maana hadithi kama hizi hupenda kumpa mtu ushujaa mahali ambapo hakuwa nao. Kulikuwa na watoto, kulikuwa na miguu ya mama mkwe, kulikuwa na nyumba ambayo ingechukuliwa kama hakuna jina la mfanyakazi mlangoni. Mchuma janga hula na wa kwao, na yeye alikuwa na wa kwao wa kutosha. Akapandikiza miche ya mikaratusi kivulini, mikono kwenye udongo, akijua wapi kunguni watakapoikuta.

*

Jioni ile aliporudi hakukuwa na mtu kwenye bomba la maji. Mumewe alikuwa chumbani, kitandani, amevaa suruali na shati, nguo zake mwilini. Mama mkwe alikuwa akipika na kuimba wimbo wa kanisani kwa pua. Mambo yalikuwa yamenyooka kwa upande wake. Mwanawe ameondoka kwenye mkeka.

"Karibu, bosi," mume alisema, akamsogezea nafasi. "Haya, nimefukuzwa kazi na wadudu wa mke wangu. Hata babu yangu hakuwahi kupata heshima hiyo."

Alikaa. Akamshika mkono, bila kunuswa, bila kuulizwa, akauweka kwenye goti lake, akawa anakifuta udongo kidole kimojakimoja. Alisema asimwonee huruma. Alisema kazi itapatikana, na kwamba wenzake wamekasirika lakini yeye hakukasirika, maana kama mtu ni lazima apoteze kazi, basi aipoteze kwa jambo la maana. Asubuhi alipita makusudi shambani kuangalia. Alikuwa na hakika kwamba majani ya juu yameanza kurudi.

"Kijani kabisa," alisema. "Kule kwenye ncha. Kwa sababu yako."

Angenyamaza. Wengi wangenyamaza, na pengine wangefanya vizuri. Lakini yule mgeni rasmi alikuwa ameona nyigu kwa sababu alitaka kuonekana akiona, na huyu aliona kijani kwa sababu anampenda, na Mama Nyigu hakuweza kuvumilia hivi vitu viwili kukaa mahali pamoja.

"Mirija ilikuwa mitupu," alisema.

Kidole cha mume kilisimama juu ya kidole chake.

"Ipi?"

"Yote. Walikufa kabla. Mkuu alijua. Niliambiwa nifungue, nikafungua."

Jikoni wimbo uliendelea. Mume alitazama ukuta, na mkewe aliona akiikumbuka ile siku kipande kwa kipande: majani aliyookota kwa magoti, fulana, mikono yake juu ya kichwa.

"Mimi nilipiga makofi," alisema.

"Nilikuona."

"Walikufa na nini?"

Mama Nyigu aligeuza uso kuelekea jikoni. Kupitia pazia aliona mgongo wa mama mkwe, na mikono yake, ambayo vidole vyake vilikuwa vimeanza kupona.

"Joto," alisema.

Mume aliitikia kwa kichwa. Aliuinua mkono wa mkewe kutoka kwenye goti lake, kwa upole, akauweka juu ya shuka. Kisha akainuka, akapita sebuleni, akapita jikoni, akatoka nje. Mama Nyigu alisikia bomba la maji likifunguliwa. Akasogea dirishani. Mumewe alikuwa ameinama na sabuni ya kipande, shati limo mwilini, ananawa mikono. Alisugua viganja, katikati ya vidole, mpaka kwenye viwiko, kama alivyonawa kila jioni miaka yote ile.

"Mwanangu," mama mkwe aliita kutoka mlangoni, "unanawa nini tena? Dawa si imekwisha?"

 Mumewe alisuuza, akainusa mikono yake, akachukua tena sabuni.